Mwaliko Uliowekwa Juu ya Mchele

Kisarawe,
6 Machi 1949

Kwa Shangazi Biasha binti Mwinjuma,
Janga.

Shangazi yangu, shikamoo.

Salamu nyingine zitafuata chini. Leo naanza na jambo ambalo sijapata kumwambia mtu, si mama wala kaka Kitwana, na hata katika daftari langu sijaliandika. Najijua. Nikitanguliza salamu nitazungukazunguka nazo mpaka karatasi iishe, kisha nitafurahi kwamba imeisha.

Jambo lenyewe ni hili. Mwaka jana, siku chache kabla ya Ramadhani, baba alinituma kwako nikakualike mandari ya kuvunja jungu. Niliporudi nilimwambia, "Nimemwalika, kasema kasikia." Shangazi, sikukualika. Sikufungua hata kinywa. Nilifika mpaka kwenye ua wako wa makuti, nikasikia wanawake ndani wanatwanga na kucheka, na sauti yako imezipita zote, unamwiga mtu anavyotembea. Nikaona kwamba nikiingia, wa kuigwa baada ya huyo nitakuwa mimi. Nilikuwa nimeyaandika maneno ya mwaliko kwenye karatasi nisije nikayasahau, kwa ule mwandiko wangu uliopata zawadi shuleni. Barazani palikuwa na ungo wa mchele. Nikaiweka karatasi juu ya mchele, nikaweka na kijiwe juu yake isipeperuke, nikakimbia mpaka stesheni ya Ruvu, ambako Kitwana alikuwa ananingoja na gunia lake la mpunga.

Njiani nilijiambia kwamba umeandikiwa, utasoma, utakuja. Hukuja. Baba akasema umeudharau mwaliko wake. Nawe, nimesikia kwa watu, ulisema kaka yako amefanya mandari bila kukuita. Kila mmoja wenu amesema anachokijua, na uongo ni wangu. Idi mbili zimepita hamjapelekeana hata kisahani cha vitumbua.

Sasa salamu. Sisi hatujambo. Baba yuko barazani na cherehani yake tangu asubuhi, kwani watu wameanza kuleta vitambaa mapema. Mama aliteguka mguu kisimani lakini sasa anatembea, na anasema ni dawa ya bibi, ingawa mimi nadhani ni kwa sababu alikataa kulala. Shuleni niko darasa la sita. Wasichana tuko watatu tu, na mwalimu akiuliza swali hunitazama mimi, nami hutazama dirisha. Mvua bado. Mahindi tumepanda kwenye vumbi.

Barua hii naiandika kwa herufi za chuoni, tulizofundishwa za Kiarabu, ili uisome mwenyewe. Naomba usimwambie baba.

Mimi binti wa ndugu yako,
Mwanne Mwishehe


Janga,
19 Aprili 1949

Mwanangu Mwanne,

Marahaba, na marahaba nyingine ya akiba kwa siku utakayokuja ukaninyima tena.

Barua yako imefika. Ilikaa kwanza wiki tatu katika koti la Pazi, yule kijana wa reli hapa Ruvu. Kila ukimuuliza kitu husema kimo mfukoni, na kweli kimo. Kazi ni kukitoa. Ametoa barua yako, kipande cha muwa na kitana cha mtu mwingine.

Sisi wazima. Masika yalichelewa, kisha yakaja yote siku moja kama wageni wa harusi. Mto umejaa mpaka kwenye mashamba ya bondeni, na njia ya Mlandizi inapitwa na bata tu. Zubeda wangu amejifungua mtoto wa kiume, wamemwita Matano, analia kwa sauti nzito kama muadhini. Mume wangu Mbaraka goti linamsumbua, lakini halimsumbui siku ya ngoma. Maboga yametambaa mpaka mlangoni. Jana nimekanyaga moja nikitoka, nikaliomba radhi nikidhani ni mtu. Mahindi yamenifika kiunoni, na mwishoni mwa Shaabani yatakuwa ya kuchoma, ikiwa kutakuwa na mandari ya kuyachomea.

Karatasi unayoitaja sikuiona. Mchele niliuona.

Na hata ningeiona, mwanangu, ndugu haitwi kwa karatasi. Kwa karatasi huita serikali. Ndugu huendewa, hukaa kwenye mkeka wake, akaambiwa kwa kinywa, siku ni fulani na mahali ni fulani. Asiyeambiwa hafuati harufu ya pilau.

Je, baba yako bado anakula samaki bila ndimu, na kusema ndimu ni ya wagonjwa? Nimeuliza tu.

Ni mimi shangazi yako,
Biasha


Kisarawe,
1 Mei 1949

Shangazi Biasha,

Shikamoo, na hongera kwa mjukuu. Mama amepiga kigelegele jikoni niliposoma mahali pa Matano, na baba akauliza kuna nini. Mama akasema, "Zubeda amejifungua." Baba akasema, "Alhamdulillahi," akaendelea kushona, lakini nilimwona anapima kipande cha kitambaa cheupe, kidogo sana, ambacho si cha mteja yeyote.

Huku mvua imenyesha vizuri na milima yote ni kijani. Machungwa yameanza kupata rangi upande mmoja. Mguu wa mama umepona kabisa, na sasa mgonjwa ni mbuzi wetu, ambaye alikula sabuni.

Shangazi, nimeisoma barua yako mara nne. Unasema mchele uliuona. Je, kijiwe kilichokuwa juu ya mchele hukukiona? Kilikuwa cheupe, bapa, nilikiokota kwenye reli. Mtu hawezi kuuona mchele asikione kijiwe hicho, na mtu hawezi kukiinua kijiwe asiione karatasi iliyokuwa chini yake. Nisamehe. Najua si adabu kumhesabia mkubwa namna hii, lakini kwenye karatasi mimi huwa jasiri.

Nataka pia ujue jinsi siku ile ilivyokwenda huku kwetu, maana nadhani hukuambiwa. Baba alichagua mahali tangu kabla hajanituma kwako, pale bondeni penye chemchemi, akafyeka mwenyewe. Wali ulikuwa tayari kabla ya adhuhuri. Watu wakakaa. Baba akasema, "Hatupakui. Dada yuko njiani." Unajua kwetu sahani ya kwanza ni yako kuipakua. Akamtuma Kitwana stesheni ya Pugu. Gari la moshi likapita, Kitwana akarudi peke yake. Baba akasema labda utakuja kwa miguu. Watoto wakaanza kulia njaa. Alasiri ndipo mama alipopakua, na baba akala matonge mawili akasema wali hauna chumvi. Shangazi, chumvi ilikuwamo. Mimi nilikuwa nimekaa hatua chache kutoka kwake na neno lote kinywani, nikalimeza na wali.

Mimi hukumbuka sana mandari ya mwaka ule mwingine, ilipokuwa zamu yenu, kule juu ya mto penye mchanga. Pembea ya kamba kwenye ule mkwaju. Mjomba Mbaraka akacheza na goti lake. Wewe na baba mlibishana nani alikuwa akiiba asali ya babu mlipokuwa wadogo, mkacheka mpaka mkashikana mabega. Sijamwona baba akicheka vile tena.

Mwaka huu ni zamu ya Janga. Je, utatuita?

Wako,
Mwanne


Janga,
24 Mei 1949

Mwanne mwanangu,

Marahaba. Safari hii nimechelewa mwenyewe, Pazi hana kosa. Nilikuwa nikikaa kuandika, naona jua zuri naenda palizi. Hatujambo. Matano ameanza kucheka na ukuta. Kikanzu cheupe kidogo kimefika mkononi mwa mtu anayepita, hakikuwa na salamu wala jina. Nimekitazama mishono yake. Namjua fundi anayekaza uzi namna ile tangu alipokuwa akishona mipira ya matambara. Mtoto anakivaa.

Haya. Kijiwe nilikiona. Nakitumia kusugulia visigino, ni kizuri sana.

Na karatasi niliiona. Sasa nitakwambia, na ukicheka ucheke huko huko Kisarawe. Mwaka jana bwana shamba alipita akasema kila kaya ipande muhogo, eneo la hatua kadhaa, asiyepanda ataitwa Boma. Mbaraka akapanda nusu akasema nusu nyingine atapanda goti likipoa. Siku mbili baadaye natoka barazani naikuta karatasi, imekunjwa vizuri, ina maandishi ya shule, yamenyooka kuliko ya karani. Mimi nasoma herufi za chuoni. Zile nyingine zote kwangu ni za Boma. Nikasema, tumeandikwa. Na wamekuja kimya kimya, hawakubisha hata hodi.

Sikumwonyesha Mbaraka, nikaogopa atakimbilia Magindu kwa ndugu zake. Sikumpa mtu anisomee, kwa sababu mtu akikusomea jambo la Boma, Janga nzima inajua kabla hujafika nyumbani. Nikaitia kwenye sanduku chini ya kanga zangu za Idi. Na tangu siku ile, kila nikiona kofia ya kaki kwenye njia namwambia Mbaraka, "Nenda kapande muhogo." Amepanda mwaka mzima. Tuna muhogo wa kuwalisha watu kuanzia hapa mpaka Soga, na jirani zetu wanamwona mume wangu mtu mwenye bidii. Yote hayo ni mwandiko wako.

Barua yako ya kwanza ilipofika, nilifungua sanduku nikaitazama tena ile karatasi. Sijampa mtu hata sasa. Uliyeiandika ni wewe, na siku yake utaisoma wewe.

Kuhusu mandari. Wewe umenitubia mimi, na mimi nimekusamehe tangu pale ulipokimbia, maana wallahi nilikuwa namwiga karani wa pamba, na baada yake ningemwiga aliyeingia. Lakini anayenuna ni baba yako, na mnalala nyumba moja. Mwambie. Usimwandikie. Ukishamwambia, niandikie mimi. Kabla ya hapo siwezi kuita mandari ambayo kaka yangu atakuja akikunja uso, au hatakuja.

Shangazi yako,
Biasha


Kisarawe,
8 Juni 1949

Shangazi Biasha,

Shikamoo. Nyumbani wote wazima, na mbuzi pia. Machungwa yameiva. Kitwana ameanguka kutoka mchungwani lakini aliangukia kwenye machungwa.

Nimemwambia. Nitakueleza jinsi ilivyokuwa, ingawa sehemu ya kwanza inanitia haya.

Kwanza nilimwandikia. Najua ulinikataza. Niliandika ukurasa mmoja, nikauweka chini ya kofia yake alfajiri alipokuwa anatawadha. Kisha nikaogopa, nikauchukua. Kisha nikaona aibu kwa kuogopa, nikaurudisha. Kisha nikamsikia anakohoa, nikauchukua tena. Siku hiyo baba alikwenda msikitini amevaa kofia upande upande kwa jinsi nilivyoisogeza, na mimi nikaenda shule na barua katika kitabu cha hesabu.

Siku tatu baadaye nikapata akili nyingine. Nikasema, nitamwambia wakati cherehani inalia. Nitakuwa nimesema kwa kinywa, kama ulivyotaka, na sauti ya cherehani itanifunika kidogo. Baba alikuwa anashona kanzu ya Mzee Zahoro, naye Mzee Zahoro amekaa pale pale kwenye kiti anaingoja. Nikasimama nyuma ya baba. Nikasema, "Baba, mwaka jana sikumwalika shangazi." Cherehani ikalia. Nikasema tena. Mguu wa baba ukaongeza mwendo. Mara ya tatu nikavuta pumzi nikasema kwa nguvu zote, "Sikumwalika shangazi, niliacha karatasi nikakimbia," na wakati huo huo baba akafika mwisho wa mshono akasimamisha mguu.

Sauti yangu ilivuka barabara. Muuza machungwa aligeuka. Mama akatoka jikoni na mwiko.

Mzee Zahoro akasema, "Basi, binti, sisi tumesikia. Na Pugu wamesikia."

Baba hakugeuka. Aliukata uzi. Kisha akauliza, "Kwa hiyo dada hakukataa?"

"Hakukataa, baba. Alidhani ni karatasi ya Boma."

"Mwaka mzima."

"Ndiyo, baba."

Akaanza tena kushona. Mama akasema, "Mwishehe, mtoto anasema na wewe." Akasema, "Nimemsikia, nashona." Alishona mpaka akamaliza, akampa Mzee Zahoro kanzu. Mzee Zahoro akaijaribu, akaingiza mkono, mkono haukutoka upande wa pili. Baba alikuwa ameushona mdomo wa mkono ukafungwa. Mzee Zahoro akacheka mpaka akakohoa, na hapo baba naye akacheka, mara ya kwanza baada ya muda mrefu, akafumua mshono huku anajifuta macho.

Alipokwenda Mzee Zahoro, baba aliniita. Akasema, "Kuogopa si kosa. Kurudi ukaniambia kasema kasikia, hilo lina adhabu yake. Siku yake nitaijua mwenyewe." Tangu hapo namngoja aitaje na haitaji, anauliza tu habari za shule.

Nilimuuliza kama akiitwa mandari Janga atakwenda. Akasema, "Nikiitwa kwa kinywa." Mnafanana sana, shangazi. Sikumwambia hivyo.

Wako,
Mwanne


Janga,
13 Juni 1949

Mwanne,

Marahaba, mwanangu. Wote wazima, sina nafasi ya kueleza mmoja mmoja. Barua hii Pazi nimemshonea kwenye koti, mwambie Kitwana aje na wembe.

Mandari ni Jumamosi tarehe ishirini na tano, juu ya mto pale pale penye mchanga, mbali na maji kwa sababu ya mamba. Pembea Mbaraka ameshafunga, naye kaijaribu kwanza mwenyewe, tumefunga tena.

Mwalikaji wangu wa Kisarawe ni wewe. Usinipe sababu. Utakwenda nyumba hizi: kwa Mzee Zahoro, kwa Mboni mama wa mapacha, kwa Bi Swaumu, na ya mwisho kwenu, kwa baba yako, ukabishe hodi nje kama mgeni. Usibebe karatasi. Ukiwa nayo mkononi utaitazama, hutawatazama watu.

Utasema hivi: "Nimetumwa na Biasha wa Janga. Anawasalimu. Anawaita mandari ya kuvunja jungu, Jumamosi, juu ya mto Ruvu, nyinyi na watoto na mgeni wenu kama yupo." Kisha unyamaze, ukae. Usiondoke mpaka mwenye nyumba ajibu, "Tumesikia." Mwaliko ambao haujajibiwa haujafika, hata ungeupeleka mara kumi.

Mwambie mama yako alete machungwa na ule mchuzi wake wa nazi. Mihogo asilete mtu.

Biasha


Kisarawe,
3 Julai 1949

Shangazi yangu Biasha,

Shikamoo, na Ramadhani njema. Huku tunafunga vizuri. Baba hulala kidogo baada ya adhuhuri na cherehani hupumzika, kwa hiyo nyumba ni kimya nami napata kuandika. Mama anasema mkeka wako umekuja kwetu kwa bahati mbaya, umekunjwa pamoja na wetu, na hana haraka ya kuurudisha mpaka uufuate.

Najua tulikuwa wote mandari na hakuna habari ninayoweza kukupa ambayo hukuiona. Lakini kuna mambo matatu hukuyaona, mawili ya kabla na moja la baada, na hilo la tatu ndilo lililonifanya nikae kuandika.

La kwanza ni kwa Mzee Zahoro. Nilibisha hodi kwa sauti ndogo nikitumaini hawapo. Walikuwapo wote. Nilisema maneno yako huku nikitazama mtungi wao wa maji, nikaruka Jumamosi, nikairudia. Nilipomaliza, Mzee Zahoro akanyamaza kwa makusudi. Nilikaa pale nikingoja. Mkewe akamwambia, "We baba, mjibu mtoto, unamuua." Ndipo akasema, "Tumesikia." Kwa Mboni mapacha walinijibu kabla ya mama yao. Kwa Bi Swaumu nilikuwa tayari nawatazama watu machoni.

La pili ni nyumbani. Nilibisha hodi nje kwetu, kama ulivyosema. Baba alisema, "Karibu, mgeni," akanikunjulia mkeka, akakaa mbele yangu kama hanijui. Nikasema yote. Sikuruka neno. Sikujua anatania au vipi, mpaka alipoivua kofia yake akaivaa tena sawasawa. Akasema, "Mwambie dada tumesikia." Kisha akainuka akatafuta kanzu yake nzuri, siku nne nzima kabla ya safari.

Ya mandari yenyewe nitaandika machache tu, yasije yakapotea. Ulivyomtazama baba alipofika, ukasema, "Umekonda. Nani anakupikia?" na mama amesimama hapo hapo na sufuria kichwani. Baba akasema, "Ungekuja mwaka jana ungejua." Mahindi yakipasuka kwenye makaa. Mjomba Mbaraka anamwuliza kila mtu kama angependa kubeba muhogo kidogo. Wewe ukapakua sahani ya kwanza, baba akaonja mbele ya watu wote, akasema, "Chumvi imezidi," ukampiga na ncha ya kanga. Na nilipanda pembea, shangazi, nikaenda juu sana, ingawa sipendi kutazamwa.

Sasa la tatu. Mlitusindikiza mpaka stesheni ya Ruvu. Gari la alasiri lilikuwa limesimama, sisi tumeshaingia ndani, nawe uko chini karibu na dirisha. Ukatoa ile karatasi kwenye ncha ya kanga yako, ukampa baba kupitia dirishani. Ukamwambia polepole, lakini mimi nilikuwa karibu, "Herufi hizi sizijui, kaka. Ningezijua ningekuja kwa miguu." Baba alinipa mimi ile karatasi akasema, "Ile adhabu yako ndiyo hii. Simama. Isome asikie."

Behewa lilikuwa limejaa watu, mizigo na kuku. Nilisimama dirishani nikaanza kusoma: "Shangazi Biasha, kaka yako Mwishehe anakusalimu sana na anakuita mandari ya kuvunja jungu, Jumamosi, bondeni kwetu Kisarawe penye chemchemi." Hapo filimbi ikalia na gari likaanza kwenda. Ulitembea kandokando, mkono umeuweka sikioni, kisha jukwaa la stesheni likaisha na wewe ukabaki. Nusu ya pili hukuisikia. Nakuandikia hapa, kwa herufi zako, ili iwe yako:

"Mkeka wako mama ameukung'uta. Baba amesema hapakui mtu mpaka wewe ufike. Usilete kitu ila mwenyewe."

Nilitaka kukaa. Baba akasema, "Umemaliza?" Nikasema, "Shangazi hayupo tena, baba." Akasema, "Malizia. Mwaliko haukatwi katikati." Kwa hiyo nilishika ukingo wa kiti, nikaisoma ile nusu ya pili kwa behewa zima, kwa sauti ambayo hata mimi niliisikia vizuri. Nilipofika mwisho sikukaa, kwa sababu nilikumbuka ulichoniambia. Nilisimama nikangoja. Watu walinitazama, baba naye akitazama nje mashamba yanavyopita. Kisha mwanamke mmoja nisiyemjua, mwenye tenga la kuku magotini, akasema, "Tumesikia, mwanangu. Tutafika."

Nikaikunja karatasi, nikaitia katika kitabu changu, nikakaa karibu na baba mpaka Pugu.

Binti wa ndugu yako,
Mwanne